Sir Tharia Topan: Mwenye forodha aliyejenga hospitali Zanzibar

Makampuni makubwa ya zama hizi huandika kila mwaka taarifa ya mema yaliyoitendea jamii. Zaidi ya karne moja iliyopita, tajiri mmoja wa Zanzibar aliandika taarifa yake kwa mawe na mbao, mbele ya bandari, mahali ambapo kila nahodha angeiona. Maisha ya Sir Tharia Topan, aliyefariki dunia mwaka 1891, yanaibua swali ambalo wasomi wa biashara hawajalimaliza hadi leo: je, sadaka ya tajiri inaweza kutazamwa peke yake, bila kufunguliwa daftari la biashara iliyoizaa?

Msafiri anayefika Zanzibar kwa boti kutoka Dar es Salaam, kabla hata ya kukanyaga nchi kavu, huliona jengo moja refu linalopendeza kuliko majirani zake katika barabara ya Mizingani. Lina roshani za mbao zilizonakshiwa kwa mikono, vioo vya rangi na kuta nene za mawe ya matumbawe. Linajulikana kwa jina la Zahanati ya Kale. Wageni hulipiga picha, kisha wakaendelea na safari yao kuelekea Forodhani. Ni wachache wanaouliza nani aliyelianzisha, na fedha zake zilitoka wapi.

Swali hilo la pili linaulizwa leo mbali sana na Mizingani. Katika mji wa Dubai, eneo la Jumeirah Lake Towers lina minara ipatayo themanini iliyojengwa kuzunguka maziwa yaliyochimbwa na watu. Hapo ndipo yalipo makao ya DMCC, mamlaka ya ukanda huru wa biashara iliyoundwa mwaka 2002, na hapo ndipo unaposimama mnara wa Almas wenye soko la almasi la Dubai. Dhahabu, almasi, chai na kahawa, ambazo sehemu yake hutoka Afrika, hubadilisha wenyewe kwa karatasi na kwa simu katika ofisi za eneo hilo. Mnunuzi anayeketi huko huulizwa siku hizi mambo ambayo babu zake katika biashara hawakuulizwa: mali hii ilichimbwa na nani, katika hali gani, na wewe umeirudishia nini jamii ilikotoka?

Tharia Topan hakuwahi kuiona Dubai ya minara. Lakini mtu anayetaka kuuelewa uhusiano wa biashara kubwa, serikali na hisani katika bahari ya Hindi hatapata mfano ulio wazi kuliko maisha yake.

Mtoto wa Lakhpat

Alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, katika nchi ya Kutch, magharibi ya India. Lakhpat ulikuwa mji wa bandari wenye ngome na historia ya neema, lakini bahati yake ilikuwa imekwisha kabla ya Tharia kuzaliwa. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1819 lilibadilisha mkondo wa maji ya mto Indus, na bandari iliyoishi kwa maji hayo ikaanza kufa taratibu. Familia yake, ya jamii ya Khoja wafuasi wa madhehebu ya Ismailia, iliishi kwa kuuza mboga.

Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili alijificha ndani ya jahazi lililokuwa likienda Afrika, naye hakugunduliwa mpaka chombo kilipokuwa katikati ya bahari. Masimulizi ya namna hiyo huzunguka maisha ya matajiri wengi waliotoka katika umaskini. Lililo hakika ni kwamba alifika Zanzibar akiwa kijana mdogo asiye na mali, katika miaka ya 1830, wakati ambapo Sayyid Said bin Sultan alikuwa akiuhamisha utawala wake kutoka Maskati na kuigeuza Unguja kuwa kisiwa cha karafuu.

Mji ulikuwa ukikua kwa kasi. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1839 akafunga mwingine na Uingereza. Meli za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta nguo ambazo Waswahili waliziita merikani na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mzunguko wote wa fedha zilizoiendesha biashara hiyo ulipitia kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na juu yao wote ilikuwapo nyumba moja ya Mabhatia kutoka Kutch, iliyojulikana kwa jina la Jairam Shivji.

Ni katika nyumba hiyo kijana Tharia alipata kazi. Inaelezwa kwamba alianza na kazi za bustani na za kuendesha gari la punda, na kwamba alijifunza kusoma na kuweka hesabu akiwa tayari kazini. Katika mji ambao deni lilikuwa na thamani kuliko sarafu, mtu aliyejua kuandika daftari na kulinda siri zilizomo ndani yake alikuwa na mtaji mkubwa. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa na biashara yake mwenyewe. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1870, alikuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza wa mji. Henry Morton Stanley, aliyepita Zanzibar mara kadhaa kutafuta wapagazi na bidhaa za safari zake za bara, alimtaja katika maandishi yake kwa heshima kubwa kama mfanyabiashara anayeaminika.

Forodha ilipokuwa ikikodishwa

Ili kuuelewa uwezo wake, ni lazima kwanza kuelewa jinsi serikali ya Zanzibar ilivyokuwa ikipata fedha zake.

Sultani hakuwa na maafisa wa kukusanya ushuru. Alikuwa akiikodisha forodha kwa mfanyabiashara mmoja kwa kipindi cha miaka kadhaa. Mfanyabiashara huyo aliahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu cha reale kila mwaka. Kisha yeye, kwa makarani na walinzi wake, alitoza ushuru wa asilimia tano uliowekwa na mikataba juu ya bidhaa zilizoingizwa kutoka ng'ambo, pamoja na tozo mbalimbali za bidhaa zilizotoka bara. Kilichozidi juu ya ahadi yake kilikuwa faida yake. Kilichopungua kilikuwa hasara yake.

Lakini faida kubwa ya forodha haikuwa ndani ya ushuru peke yake. Mwenye forodha alijua kila kilichoingia na kila kilichotoka. Alijua nani ameagiza nguo nyingi kuliko anavyoweza kuuza, nani anasubiri pembe, nani anakaribia kufilisika. Tena, kwa kuwa Sultani mara nyingi alihitaji fedha kabla ya mwaka kwisha, mwenye forodha alikuwa pia mkopeshaji wake. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mtoza ushuru wa wafanyabiashara wenzake, mshindani wao sokoni na benki ya mtawala wao.

Nyumba ya Jairam Shivji iliishika forodha hiyo kwa karibu miaka arobaini. Mwaka 1876 kandarasi ilitoka mikononi mwake, na aliyeichukua alikuwa Tharia Topan, mtu aliyewahi kula ujira katika nyumba hiyohiyo. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870, alikuwa na sababu za kutaka mabadiliko. Alirithi kutoka kwa ndugu yake Sayyid Majid deni kubwa lililodaiwa na nyumba hiyo, naye hakupenda kuona mapato ya nchi yakishikwa na mdai wake. Aidha, kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi bandarini. Sultani alihitaji mshirika mpya mwenye fedha. Tharia alikuwa nazo.

Mkopo uliovuka ziwa Tanganyika

Fedha hizo zilitoka bara, zikiwa zimebebwa mabegani.

Msafara wa pembe za ndovu ulianza Zanzibar kama mstari katika daftari la mkopo. Mfanyabiashara wa Kiarabu au wa Kiswahili alipewa nguo, ushanga, waya wa shaba, bunduki na baruti bila kulipa chochote. Alivuka hadi Bagamoyo, akaajiri wapagazi, akaelekea Tabora na Ujiji. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, lakini wengine walikuwa watumwa. Baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi alirudi na pembe, na mkopeshaji akajilipa pamoja na faida kubwa iliyokusudiwa kufidia hatari ya kifo, vita na moto.

Mteja mashuhuri wa Tharia Topan alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye historia inamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Katika kumbukumbu za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili, zilizochapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anamtaja Tharia kuwa ndiye aliyemkopesha mali za safari. Safari ya Tippu Tip iliyoanza mwaka 1870 ilimfikisha Manyema na katika bonde la mto Congo, naye hakurejea Zanzibar mpaka mwaka 1882. Kwa zaidi ya miaka kumi, sehemu ya mali ya Tharia ilikuwa ikizunguka katika misitu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Na huko misituni kulikuwa na mambo ambayo daftari la Zanzibar halikuyaandika. Pembe nyingi zilinunuliwa, lakini nyingine zilitekwa. Vijiji vilitozwa kodi ya pembe kwa nguvu ya bunduki. Watu walichukuliwa mateka, wakakombolewa kwa pembe, au wakabaki kuwa watumwa wa kulima na kubeba. Pembe hizo zilipofika bandarini zilikuwa safi na nyeupe. Ziliuzwa kwa wateja wa Bombay waliotengeneza bangili, na kwa Wamarekani waliozipeleka katika viwanda vya Connecticut kutengenezea vibonye vya piano.

Hapa ndipo penye fundo la habari hii. Wahindi wa Zanzibar walihesabiwa kuwa wako chini ya himaya ya Uingereza. Kwa sababu hiyo, mnamo mwaka 1860, balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwalazimisha kuwaacha huru watumwa waliokuwa wakiwamiliki. Maelfu ya watu walipata hati za uhuru. Tangu hapo Mhindi hakuruhusiwa kumiliki mtumwa. Lakini hakuna sheria iliyomzuia kumkopesha anayemmiliki, wala kupokea kama rehani shamba la karafuu lililolimwa na watumwa, wala kununua pembe bila kuuliza ilibebwa na nani. Sheria iligusa mali ya mtu, ikaiacha mikopo yake.

Kati ya Sultani na Waingereza

Katika miaka hiyo, shinikizo la Uingereza dhidi ya biashara ya watumwa lilifikia kilele chake. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumtaka Sayyid Barghash akomeshe usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Baada ya kutishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia saini mkataba tarehe 5 Juni mwaka huohuo, mbele ya balozi mdogo John Kirk. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Katika mazingira hayo mfanyabiashara wa Kihindi alikuwa na mabwana wawili. Sultani ndiye aliyetoa kandarasi. Uingereza ndiyo iliyotoa ulinzi, hadhi ya kisheria na, kwa kadiri miaka ilivyopita, uamuzi wa mwisho. Tharia Topan alimudu kuwa karibu na wote wawili bila kuvunja na yeyote. Alikuwa mshauri wa Barghash katika mambo ya fedha. Wakati huohuo alijulikana kwa Waingereza kama mtu anayeunga mkono kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na ni kwa sifa hiyo ndipo baadaye alipotunukiwa.

Ni rahisi kulitazama jambo hili na kumwita mnafiki. Lakini haki inataka mambo mawili yasemwe. La kwanza ni kwamba msimamo wake haukuwa wa bure. Mashamba ya karafuu ya Waarabu waliokuwa wadeni wa Wahindi yalitegemea watumwa, na kila hatua ya kuikomesha biashara hiyo iliwatia wadeni hao katika dhiki. Mkopeshaji aliyeunga mkono hatua hiyo alikuwa akihatarisha sehemu ya rehani zake. La pili ni kwamba mkataba wa 1873 ulikomesha usafirishaji baharini, haukukomesha utumwa wenyewe. Utumwa uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Serikali iliyomsifu Tharia kwa kuwa adui wa biashara ya watumwa ilikuwa yenyewe ikiuvumilia utumwa mashambani.

Miaka ya 1880 ilileta mabwana wengine. Wajerumani na Waingereza waligawana bara. Makampuni yao, lile la Wajerumani la Afrika Mashariki na lile la Waingereza la Sir William Mackinnon, yalichukua kutoka kwa Sultani haki ya kusimamia pwani na kutoza ushuru wake. Mfumo wa mfanyabiashara mmoja kushika forodha yote ulikuwa ukielekea ukingoni. Mtu aliyeishi kwa kuwa karibu na mamlaka alipaswa sasa kuangalia mamlaka inahamia wapi.

Jiwe la msingi

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka hamsini ya utawala. Katika miji yote iliyokuwa chini ya bendera yake, na hata isiyokuwa chini yake, matajiri walitangaza zawadi za kumbukumbu. Zanzibar, ambayo haikuwa bado nchi ya himaya ya Uingereza, haikubaki nyuma. Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya hisani kwa ajili ya maskini, na akaihusisha na jubilei hiyo.

Hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba mji ulihitaji hospitali. Kipindupindu kiliwahi kuupiga mji vibaya, na maji safi ya bomba yalikuwa jambo jipya lililoletwa na Barghash mwenyewe. Kwa mtu aliyewahi kulala njaa, kutaka maskini watibiwe ni hamu inayoeleweka. Hata hivyo, uchaguzi wa mahali, wakati na jina una maelezo yake. Hospitali ingeweza kujengwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi watu wengi maskini wa mji. Ilijengwa mbele ya bandari. Ingeweza kubeba jina la Sultani. Iliadhimisha jubilei ya Malkia.

Mwaka 1890 Malkia Victoria alimtunuku heshima ya Sir. Mwaka huohuo Zanzibar ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Mtoto wa muuza mboga wa Lakhpat alikuwa amefika juu kabisa, na alikuwa amefika kwa kuutambua upepo mapema kuliko wenzake. Lakini hakuishi kuufaidi. Mwaka 1891 alifariki dunia mjini Bombay, hospitali yake ikiwa bado inajengwa.

Wasomi wanasemaje

Katika vyuo vya biashara vya leo, mambo ambayo Tharia aliyafanya kwa silika yana majina. Wajibu wa makampuni kwa jamii ulipata msomi wake wa mwanzo mwaka 1953, pale Mmarekani Howard Bowen alipochapisha kitabu kuhusu majukumu ya mfanyabiashara kwa umma. Hoja yake ilikuwa kwamba maamuzi ya wenye makampuni makubwa yanagusa maisha ya watu wengi kiasi kwamba hayawezi kuachiwa faida peke yake. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman alimpinga mtu yeyote mwenye mawazo ya namna hiyo: kwake yeye, meneja anayetoa sadaka kwa fedha za wenye hisa anatumia mali isiyokuwa yake, na wajibu wake ni kutafuta faida ndani ya sheria.

Tharia hangeguswa na lawama ya Friedman, kwa kuwa hakuwa na wenye hisa. Mali ilikuwa yake. Anayemfaa zaidi ni msomi wa tatu, David Baron wa chuo kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1995 aliandika kwamba kampuni hushindana katika medani mbili. Moja ni soko, kwenye bei, ubora na wateja. Nyingine ni nje ya soko, yaani serikalini, mahakamani, katika magazeti na katika fikra za umma. Kwa mujibu wa Baron, mkakati wa nje ya soko unapaswa kupangwa pamoja na ule wa sokoni, maana kinachopatikana upande mmoja hufungua mlango upande wa pili.

Wanaofuata njia hiyo ya utafiti wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu kama hisani ya makampuni na ushawishi wao serikalini ni mambo mawili au jambo moja. Maisha ya Tharia Topan yanaelekea upande wa jambo moja. Mkopo kwa Sultani ulileta forodha. Forodha ilileta habari na mtaji wa misafara. Misafara ilileta mali. Mali ilileta hospitali, na hospitali ilikuwa sehemu ya uhusiano na Waingereza uliomletea heshima na usalama. Ukiondoa kiungo kimoja, vingine havisimami.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Sewa Haji Paroo, msambazaji mkubwa wa bidhaa za misafara huko Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa fedha za shule na hospitali wakati wa utawala wa Wajerumani, na jina lake linasikika hadi leo katika wodi za hospitali ya Muhimbili. Allidina Visram, aliyeeneza maduka yake kutoka pwani hadi Uganda na kufariki mwaka 1916, anakumbukwa kwa shule ya Mombasa yenye jina lake. Katika mfumo ambao serikali za kikoloni zilitenga fedha kidogo sana kwa afya na elimu ya wananchi, matajiri hawa walijaza pengo la kweli. Maelfu ya watu waliotibiwa na kusomeshwa hawakuuliza nia ya mtoaji, nao walikuwa na haki ya kutouliza.

Baada ya mwenyewe

Kipimo kigumu zaidi cha hisani huja baada ya mtoaji kuondoka, wakati ambapo haimletei tena faida yoyote. Hospitali ya Tharia haikukivuka kipimo hicho vizuri. Mjane wake aliendelea na ujenzi, na jengo likamalizika mwaka 1894. Lakini halikuwa hospitali kubwa iliyokusudiwa. Mwaka 1900 liliuzwa. Ni hisani ya mtu mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, iliyofungua zahanati katika sehemu ya chini, huku vyumba vya juu vikipangishwa kuwa makazi. Jina lililobaki midomoni mwa watu, Zahanati ya Kale, lilitokana na kazi iliyofanywa humo baada ya Tharia kufariki.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 jengo lilikuwa mikononi mwa serikali, na kwa miaka mingi liliachwa likiharibika, roshani zake zikianguka vipande. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan la utamaduni lililikarabati kwa uangalifu mkubwa, likawa kituo cha utamaduni. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mgonjwa anayetafuta dawa hana tena sababu ya kuingia humo.

Huko Jumeirah Lake Towers, swali la mkopeshaji asiyemiliki mtumwa limerudi kwa sura nyingine. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara kadhaa jinsi dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki mwa Congo, ikiwemo ile inayotoka maeneo ya vita, inavyovushwa kupitia nchi jirani na kufika katika soko la Dubai. Mnunuzi wa mwisho hana mgodi, hana bunduki, wala hajawahi kufika Ituri au Kivu. Katika zama za Tharia hilo lingetosha kumwondolea lawama. Mwaka 2011 shirika la nchi zilizoendelea kiviwanda, OECD, lilitoa mwongozo unaomtaka mnunuzi achunguze mali yake tangu ilikochimbwa, na DMCC nayo ikafuata kwa kanuni zake za ununuzi wa dhahabu kwa uwajibikaji. Kanuni hizo zinatekelezwa kwa kiasi gani ni jambo linaloendelea kubishaniwa. Lakini maana yake ni kubwa: wajibu haupimwi tena kwa kile mtu anachomiliki pekee, unapimwa pia kwa kile ambacho fedha zake zinawezesha.

Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha namna ya kumsoma Sir Tharia Topan. Wanaomtetea wanalionyesha jengo, nalo ni zuri. Wanaomshutumu wanaonyesha misafara, nayo ilikuwa na damu. Mwenyewe huenda asingeona mgongano wowote. Kwa sheria ya siku zake alikuwa amelipa kila deni, ametii kila mkataba na ametoa sadaka zaidi ya wengi. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza kuhusu wale wasioandikwa katika daftari lake, wala katika jiwe la msingi: wapagazi waliozibeba pembe kutoka Manyema hadi Bagamoyo, na watu wa vijiji zilikotoka.

Hao hawakujengewa zahanati. Kutoka Manyema hadi barabara ya Mizingani ni safari ya miezi kwa miguu, na hospitali ya jubilei ilijengwa mahali ambapo wao wasingeifikia kamwe.